Nukta ya Kijani Ufukweni

"Boti yako hii hapa, mama," alisema Koplo Zambrano, akakigeuza kioo cha kompyuta kidogo ili mwanamke aliyesimama upande wa pili wa kaunta aone. "Nukta ya kijani. Soma mwenyewe. Estrellita. Imeegeshwa ufukweni Punta Mansa. Haijaenda popote."

Mariuxi Quijije hakuhitaji kusoma. Alikuwa amepita ufukweni asubuhi hiyohiyo, na pale ambapo Estrellita huvutwa nchi kavu palikuwa na mchanga mtupu na mbwa aliyelala. Mumewe, Eliécer, na shemeji yake, Wilmer, waliisukuma majini Jumanne alfajiri wakamwambia awawekee chakula cha mchana Alhamisi. Chakula cha Alhamisi kiliishia kuliwa na kuku. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Koplo, nimetoka huko sasa hivi. Hakuna boti."

"Mtambo hausemi uongo."

"Sijasema unasema uongo. Nasema boti haipo."

Zambrano akacheka kwa uvumilivu, kama watu wa ofisini wanavyowacheka watu wa samaki. Akaonyesha bango ukutani lililoandikwa BAHARI MOJA, JICHO MOJA. "Unaona hilo? Kioo hiki tunakitazama sisi hapa. Makao makuu bandari kubwa wanakitazama. Kituo cha visiwani wanakitazama. Hata majirani zetu wa kaskazini wanakitazama. Sekunde ileile, picha ileile. Watu wote hao wanaiona Estrellita iko ufukweni, wewe peke yako huioni. Sasa nani kati yetu ana matatizo ya macho?"

"Muulize kama waligombana," alidakia mwenzake aliyekuwa akila ndizi za kukaanga mezani.

"Enhe, mligombana? Maana wakati mwingine mume hapotei baharini, mama. Anapotea nchi kavu, mtaa wa pili tu, kwenye nyumba yenye mapazia mekundu."

Foleni nzima ikacheka. Wengine walicheka kwa sababu waliona kichekesho, wengine kwa sababu walikuwa na shida zao kwa Zambrano na hawakutaka kumuudhi. Mariuxi alihisi uso unamwaka. Alikitazama tena kioo ili asiwatazame watu, na mbali sana upande wa magharibi, peke yake katika rangi yote ile ya buluu, akaona nukta nyekundu.

"Na ile nyekundu ni nini?"

Zambrano akakigeuza kioo upande wake upesi. "Hiyo haikuhusu. Mambo ya usalama. Anayefuata!"

Tuseme wazi jambo ambalo Mariuxi hakuweza kulitamka pale kaunta. Chombo kilichotoa ile nukta ya kijani hakikuwa ndani ya Estrellita. Kilikuwa juu ya bati la nyumba yake, kinaota jua.

Serikali iliwagawia wavuvi vijisanduku hivyo kwa shangwe na hotuba. Vilikuwa vyeupe, ukubwa wa nusu mkate, na kitufe chekundu cha hatari chini ya kifuniko. Taa yake isipowaka, mkaguzi hakupi ruhusa ya kutoka. Na bila ruhusa, kadi yako ya mafuta ya bei nafuu haifanyi kazi. Wavuvi walikipa jina lake siku hizohizo: mbea. Maana tangu mbea aje, maharamia wanaoiba mashine za boti hawakuhangaika tena kutafuta. Walikuja moja kwa moja, katika bahari yote ile, wakang'oa mashine na kuwaacha watu waelee. Aliyekuwa na mbea aliibiwa. Aliyemsahau nyumbani alirudi salama. Nani alikuwa akiziuza nukta, kati ya watu wote hao waliojivunia kuzitazama? Chama cha wavuvi kilipeleka malalamiko, kikajibiwa kwamba mfumo uko salama kabisa. Hadithi ikaishia hapo.

Ndipo kina mama wa Punta Mansa wakaingia kazini. Alfajiri ya kutoka, kila mke hushuka ufukweni na beseni la chakula cha safari: ndizi za kuponda na karanga, wali, samaki wa kukaanga. Mkaguzi anapita, anaona taa, anagonga muhuri. Akishapita, mume anapakua chakula, anafungua skrubu mbili, na mbea anaingia ndani ya beseni chini ya kitambaa. Mke anajitwisha na kupanda nyumbani kama aliyetoka kuosha vyombo. Ufuko mzima ulifanya hivyo. Boti zikiwa maili mia baharini, kwenye vioo vya wakubwa zilikuwa zimelala kwa utulivu milangoni mwa wake zao, na hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza samaki wa sokoni walikuwa wanatoka wapi.

*

Mama mkwe wake, Doña Tránsito, alikuwa kizingitini anamenya karanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba, na wote wawili waliokuwa baharini walikuwa wanawe. Hakuwa na wengine.

"Wamesemaje?"

"Wanasema boti iko ufukweni."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya ungo. "Ufukweni wapi?"

"Hapa. Kioo chao kinaonyesha iko hapa."

"Kwa hiyo wanangu wamelala hapo mchangani mimi siwaoni? Nimeshakuwa kipofu sina habari?" Akamtazama Mariuxi. "Na wewe ulipowaambia ukweli wakasemaje?"

Mariuxi aliinama kuokota maganda ya karanga ambayo hayakuwa na haja ya kuokotwa.

"We Mariuxi. Nakuuliza."

"Nikisema, mama, watatupiga faini ambayo hatutaimaliza mpaka binti yangu Rosaura aolewe. Watatunyang'anya boti."

"Boti ipi?" Doña Tránsito alisimama, karanga zikamwagika. "Hebu nionyeshe hiyo boti watakayotunyang'anya. Ipo wapi? Nenda kaniletee niione!"

Kabla Mariuxi hajajibu, alibisha hodi Don Ubaldo Pachay, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, aliyemsimamia Rosaura ubatizo, na kwa sababu hiyo akimwita mama wa mtoto komadre. Alivua kofia. Alikuwa ameshasikia, Punta Mansa habari haihitaji mtambo.

"Komadre, nimeambiwa ulikwenda ofisini."

"Nilikwenda."

"Hukusema?"

"Sikusema."

Don Ubaldo akashusha pumzi, na Mariuxi akaichukia ile pumzi kuliko kicheko cha foleni nzima.

"Nisikilize," alisema Ubaldo. "Ukisema mbea wa Estrellita yuko kwenye bati, kesho watapanda kwenye mabati yote. Watafunga kadi za mafuta za ufuko mzima. Nyumba arobaini, komadre. Si kwamba simpendi Eliécer, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga ndoana. Lakini acha tuwatafute wenyewe. Boti mbili zinatoka leo. Tunajua wanakovulia."

"Na mkiwakosa?" aliuliza Doña Tránsito.

"Hatutawakosa, Doña."

"Sijakuuliza hivyo, Ubaldo. Nimekuuliza mkiwakosa."

Ubaldo akavaa kofia yake.

*

Walitoka, na haki yao wapewe: walikwenda mbali kuliko mafuta yao yalivyoruhusu. Walirudi Jumapili alasiri, macho mekundu kwa chumvi, boti moja ikivutwa na nyingine. Kina mama walikuwa wamejipanga ufukweni. Hakuna aliyeuliza kitu, maana boti zikirudi na habari njema wanaume hupiga kelele tangu mbali.

"Mkondo umehama," Ubaldo alimwambia Mariuxi. Alizungumza huku akiitazama miguu yake. "Mashine ikizima kule wanakovulia, mkondo unakuchukua magharibi, siku hizi unakwenda kasi. Sisi mafuta yalituishia nusu ya njia. Hata ndege ya doria tuliiona, ikaenda magharibi, ikarudi, ikaenda tena. Angalau wao wanapita huko."

"Ndege inapita wanakoelea, na hakuna mtu aliyeiambia imtafute nani."

"Komadre..."

"Ndivyo ulivyosema wewe mwenyewe sasa hivi."

"Tupe siku mbili. Tuitishe mkutano wa chama, tukubaliane namna ya kusema. Labda tuseme mbea aliharibika. Labda tuseme alianguka. Tukienda kienyeji—"

Doña Tránsito alikuwa amesogea bila wao kumwona. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowanyamazisha watu. "Mume wangu aliipa bahari hii miaka yake yote, na ilipomrudisha akiwa kwenye turubai, wewe Ubaldo ulikuja nyumbani kwangu na kilo tano za mchele. Nilikushukuru. Safari hii usiniletee mchele. Mkutano! Watoto wanakufa kiu huko, nyinyi mnataka ajenda?"

"Hakuna aliyesema wanakufa, Doña."

"Basi nani anakwenda kuwachukua? Nitajie jina."

Mariuxi alitazama nyuso za kina mama wenzake, wale aliopanda nao kila mara mabeseni vichwani wakitaniana. Mmoja mmoja wakaangalia kando. Hakuwalaumu sana. Wiki iliyopita angekuwa amesimama upande wao, naye angeangalia kando vilevile.

Alipanda nyumbani, akaegemeza ngazi ukutani, akamshusha mbea. Alikuwa wa moto kwa jua, taa yake inawaka kijani kibichi, haina wasiwasi wowote duniani. Mariuxi alimfunga kwa kitambaa cha chakula, akamweka ndani ya beseni.

*

Jumatatu ofisi ya bandari ilijaa. Mariuxi alipanga foleni na beseni lake, na bibi mlinzi akamwambia vyombo vya samaki haviingizwi ndani.

"Hakuna samaki."

"Linanuka samaki."

"Na mimi nanuka samaki. Niache nje?"

Yule bibi akampisha. Foleni ikasogea taratibu. Zambrano alipomwona akatabasamu, akamgonga mwenzake kiwiko.

"Mama mapazia! Karudi bwana?"

"Hajarudi. Nataka kuonana na Luteni."

"Luteni Larrea yuko kwenye kikao. Wageni wanakuja wiki hii kuangalia mfumo, hana nafasi. Una ombi la maandishi?"

"Nina maneno ya mdomo. Boti yangu haipo ufukweni. Chombo chenu hakikuwa ndani ya boti. Mume wangu na mdogo wake wako baharini tangu Jumanne, na kioo chenu kinatazama paa la nyumba yangu."

Aliyasema kwa sauti, yote kwa pamoja, ili asipate nafasi ya kuyarudisha. Zambrano akaacha kutabasamu, lakini haikuwa kwa huruma.

"Unajua unachokisema? Hilo ni kosa. Kuna faini, kuna kunyang'anywa leseni, kuna—"

"Najua. Andika faini. Lakini kwanza mpigie mtu simu, aende."

"Mambo hayaendi hivyo, mama. Kwanza itabidi uandike maelezo, yaende makao makuu, waithibitishe hali. Maana kwenye mfumo boti iko salama, sawa? Siwezi kutuma meli ikatafute boti ambayo iko salama. Nikawaambie nini? Njoo kesho saa mbili na kitambulisho na nakala ya ruhusa ya kutoka. Na hicho chombo ukilete."

"Nimekileta."

Akamtoa mbea kwenye beseni, akamweka juu ya kaunta katikati ya makaratasi. Zambrano alinyoosha mkono kumchukua. Mariuxi akawahi. Akafungua kifuniko, akabonyeza kitufe chekundu, akakishikilia kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote.

Kwanza kililia kioo cha Zambrano. Kikafuata kitu fulani ukutani, halafu redio ya chumba cha ndani, halafu simu, halafu simu nyingine. Mlango wa ndani ukafunguka kwa kishindo akatoka Luteni Larrea, kijana mwembamba, kikombe cha kahawa mkononi. Nje kengele ya kambi ikaanza kulia, na mbio za buti zikasikika uani. Askari wa majini wanne wakaingia na bunduki, wakasukuma watu ukutani, bibi mlinzi akajificha nyuma ya mlango wake mwenyewe. Kahawa ya Luteni ilikuwa bado inatoa moshi.

"Weka chini! Weka chini hicho kitu! Mikono juu!" alifoka mmoja wao.

Mariuxi hakuiweka mikono juu. Aliwatazama wanaume wale wanne, wazima, wenye afya, wamevaa hata makoti ya kuokolea, na hasira aliyokuwa ameibana tangu Jumamosi ikamtoka bila kuomba ruhusa.

"Kumbe mnaweza kuja! Jamani, kumbe mnajua kukimbia! Nimekuja hapa kuomba mtu mmoja, mmoja tu, nikaambiwa mume wangu yuko kwa malaya. Sanduku la plastiki limelia, mmekuja wanne! Na bunduki! Mnakuja kumwokoa nani? Hili beseni?"

"Mama, tulia," alisema Luteni Larrea.

"Sitatulia! Nilitulia Alhamisi. Ijumaa nikatulia. Kutulia kwangu kumenifikisha wapi?"

Simu ya kaunta ilikuwa ikiendelea kuita. Luteni akaipokea, na kwa haraka yake akabonyeza kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia. Alikuwa mwanamke, afisa wa zamu wa kituo cha visiwani.

"Punta Mansa, tumepata ishara ya hatari. Estrellita. Makao makuu nao wameipata, na kaskazini pia wanauliza. Lakini mahali inapotokea... Luteni, inatokea ndani ya jengo lenu."

"Ndiyo. Chombo kiko hapa juu ya kaunta. Boti yenyewe haipo. Inasemekana imetoka tangu Jumanne bila chombo."

Upande wa pili vidole vikaanza kubofya kibodi.

"Rudia, Punta Mansa."

"Estrellita iko baharini bila chombo. Watu wawili."

"Rangi yake?"

Luteni akamtazama Mariuxi.

"Buluu," alisema Mariuxi. "Mstari mweupe ubavuni. Shemeji yangu amevaa jezi ya njano, haivui hata akioga."

Mwanamke wa visiwani alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imepoteza ule unyororo wa kazini. "Luteni, tazama nukta nyekundu upande wa magharibi. Ile isiyo na jina. Ndege iliiona Alhamisi mchana. Boti ndogo, buluu, mashine imezimwa, haina chombo, watu wawili. Boti isiyo na chombo kule mara nyingi ni ya dawa za kulevya inasubiri kuletewa mafuta. Tuliiwekea alama pamoja na makao makuu na kaskazini, tukakubaliana isiguswe. Ifuatiliwe tu. Tuone nani atakuja kukutana nayo."

"Na kuna ripoti ya watu?"

"Ipo. Mmoja anapunga nguo ya njano. Ripoti ya Alhamisi, ya Ijumaa na ya Jumamosi. Ya jana inasema hakuna anayepunga."

Hakuna aliyecheka kwenye foleni. Zambrano alikuwa ameinamia kioo chake, na ile nukta aliyoificha kwa kukigeuza Jumamosi ilikuwa bado ipo, mbali kidogo zaidi magharibi. Vituo vinne, vioo sijui vingapi, watu wa zamu ya asubuhi na wa zamu ya jioni, wote waliwaona Eliécer na Wilmer kwa sekunde ileile, picha ileile. Hawakupotea hata kidogo. Pengine hakuna wavuvi waliowahi kutazamwa vizuri namna ile.

"Waendeeni," alisema Mariuxi. "Mmewaona. Basi waendeeni."

*

Meli ya doria iliwaleta Jumanne mchana, na ofisi ikawa imejiandaa. Afisa habari alikuja kutoka bandari kubwa na gari jeupe na mpiga picha. Alisimama gatini akasoma kutoka kwenye karatasi kwamba operesheni hiyo ya uokoaji ilikuwa ushahidi wa manufaa ya vituo vinne kutazama bahari kwa jicho moja. Alisema "mafanikio" mara nyingi. Punta Mansa yote ilikuwa nyuma ya kamba, Don Ubaldo mbele kabisa, kofia mkononi, na hakuna aliyepiga makofi.

Eliécer alishushwa kwanza. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yamezama, na viganja vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya plastiki, kwa sababu nukta yao ilikuwa bado nyekundu na hapakuwa na aliyepewa kibali cha kuibadilisha. Mariuxi aliruka kamba. Askari mmoja alinyoosha mkono amzuie, akautazama uso wake, akaurudisha mkono.

"Mfungueni," alisema Luteni Larrea. "Mfungueni haraka, mpiga picha aondoke hapa."

Kisha wakashusha turubai. Ilikuwa nyepesi, watu wawili walitosha kuibeba. Pembeni, jezi ya njano ilikuwa imechomoza kidogo.

Doña Tránsito hakulia kwa sauti ile yake ya kuita watu ng'ambo ya ghuba. Aliitengeneza ile jezi, akaiingiza ndani ya turubai vizuri, kama anayemfunika mtoto asipigwe na baridi. Halafu akaenda alipokaa mwanawe mkubwa, juu ya kreti, Mariuxi akimnywesha maji kijiko kwa kijiko.

"Niambie, mwanangu."

"Mashine ilizima Jumatano, mama." Eliécer alizungumza polepole, kila neno likimuuma. "Hatukuogopa. Tulitengeneza tanga kwa turubai na makasia, tukawa tunarudi. Taratibu, lakini tunarudi. Maji tulikuwa nayo, tulikuwa tunapimiana kwa kifuniko. Yangetufikisha."

"Kisha?"

"Kisha ndege ikaja. Ilishuka chini kabisa, mama, nilimwona rubani kichwa. Wilmer akapunga, wakatuzunguka, wakapunguza mwendo. Wametuona. Wilmer akaniambia, kaka, kunja tanga, tukiondoka hapa watatupoteza, wamesharekodi mahali. Nikakunja." Akatazama turubai gatini. "Tukanywa maji. Tulishangilia, tukanywa. Yaliyobaki Wilmer akanawa uso, alisema hataki watukute wachafu."

Mariuxi aliacha kijiko hewani.

"Kesho yake ikaja tena. Tukasema, meli iko njiani, meli haikimbii kama ndege. Ikaja tena. Sikulitweka tena lile tanga, mama. Niliona aibu, kwamba watakuja watukute tumeondoka. Wilmer alianza kunywa maji ya bahari, nilimshika mikono, nikashindwa. Mpaka mwisho alikuwa anasema, wametuona."

Afisa habari alikuwa amekunja karatasi yake. Zambrano alisogea na kumnong'oneza Luteni kitu kuhusu faini ya chombo, kwamba ingefaa ikabidhiwe leo kabla ofisi haijafungwa, na Luteni akamwambia aondoke mbele yake.

Doña Tránsito akageuka. Alikuwa akimfikia Luteni Larrea kifuani, lakini yule kijana alirudi hatua moja nyuma.

"Wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe una hicho kioo?"

"Ninacho."

"Mlimwona mwanangu akipunga?"

Luteni alitazama watu waliokuwa nyuma ya kamba, akamtazama Mariuxi. Hakukuwa na pa kwenda.

"Tulimwona, mama."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote tatu."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama anayejitahidi kuelewa jambo alilofafanuliwa na watu waliosoma.

"Sasa mlidhani anamwita nani?"